Namna ya Kufa kwa Heshima Ndani ya Centauro

Hongera kwa kuchagua vibaya. Ndani ya gemu la War Thunder kuna vifaru vya kila taifa lililowahi kuyeyusha chuma, vingine vizito kiasi cha mtu kuweza kusinzia ndani yake huku akipigwa makombora. Wewe umevipita vyote ukaenda kusimama mbele ya Centauro, gari la Kiitaliano la kuwinda vifaru: magurudumu manane, mzinga mrefu, bati jembamba. Wenzako wa Kitengela watakucheka. Waache wacheke, maana wao wanataka kushinda na sisi tuna haja nyingine kabisa. Tunataka kuonekana. Chombo cha kumwonyesha mtu ni hiki hiki, kwa sababu kinafika kabla ya wengine, kinapiga kabla ya wengine, kisha kinawaka moto wakati watu wote bado wana nafasi ya kutazama.

Maelekezo haya nimeyapanga kwa ajili ya mchezaji wa Ewuaso Kedong, yule mwenye laptopu iliyopita mikononi mwa wengine kabla ya kumfikia, na bando la simu analolipima kwa jicho moja. Mtu wa Nairobi mwenye waya wa intaneti ukutani anaruhusiwa kuyasoma, ila ajue ana upungufu mkubwa: hana visingizio.

1. Jifunze kulisifu bati

Mtu akikuambia gari lako ni bati tupu, usibishane naye. Mwulize kwa upole kama anajua liliundwa kwa kazi gani. Hajui. Hapo ndipo unapojiweka sawa kitini.

Mwambie Waitaliano walilibuni miaka ya 1980, Iveco wakishughulikia gari na OTO Melara wakishughulikia mzinga. Nchi yao ni ndefu, bahari imeizunguka pande nyingi, na barabara ni nzuri. Adui akishuka ufukweni kusini, walitaka kitu kitakachotoka kwingine kwa magurudumu yake chenyewe, kifike mapema na kumpiga, bila kusubiri treni ya kubebea vifaru. Wakalipa injini ya nguvu farasi 520 na mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa. Juu wakaweka mzinga wa milimita 105, kipimo kile kile kilichokuwa kwenye vifaru kama Leopard 1 na M60. Uzito wote ni kama tani 25. Leopard 2 ya enzi hizo ilikuwa na zaidi ya tani 50, na hizo tani zinazopelea ndizo deraya ambayo wewe huna. Bati lako linazuia risasi za rashasha na vipande vya makombora. Mzinga wa kifaru haulitambui.

Kwa ufupi, unaweza kumtoboa karibu kila mtu, na kila mtu anaweza kukutoboa. Sehemu hii ya mwisho iseme haraka. Sehemu ya nguvu farasi iseme polepole, kwa sauti ya mhandisi, na kabla hujamaliza msikilizaji wa kawaida atakuwa ameshachoka na kukubali.

Kama una mjomba Muskat, mtaje. Walinzi wa Kifalme wa Oman walinunua Centauro tisa zenye mzinga mkubwa zaidi, wa milimita 120. Sultani hawezi kununua bati tupu, mwambie hivyo huyo mbishi, umwache akitafuta jibu. Mjomba si lazima awepo. Mbishi akikujibu kwamba Kenya yenyewe iliagiza Vickers Mk. 3 kutoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, kifaru cha minyororo, na kwamba kimo ndani ya gemu hilo hilo, badilisha mada. Uzalendo hauna nafasi kwenye mambo ya Waitaliano.

2. Kariri historia, utaihitaji ukifa

Mchezaji mbaya hufa tu. Mchezaji mbaya aliyesoma hufa akiendeleza utamaduni.

Na utamaduni upo, tena upande wetu huu wa Afrika. Desemba 1935, kwenye njia ya mlimani ya Dembeguina huko kaskazini mwa Ethiopia, vifaru vidogo vya Kiitaliano vilikutana na askari wa Ethiopia waliokuwa chini ya Ras Imru. Kila kifaru kilikuwa na tani tatu hivi, watu wawili, na rashasha zilizoelekea mbele tu. Mnara wa kuzunguka hakikuwa nao. Wale askari, wengi wao wakiwa kwa miguu, waligundua kitu ambacho wabunifu hawakukitilia maanani: ukipita nyuma, hakikuoni wala hakikupigi. Wakapita nyuma. Kariri kisa hicho. Siku utakapopigwa mgongoni na adui uliyekuwa ukimtazama kwenye ramani tangu alipoanza kukuzunguka, tamka neno moja, "Dembeguina," kisha utikise kichwa taratibu. Hakuna atakayethubutu kuuliza.

Mwaka 1942 Waitaliano wakaja na Semovente da 90/53. Walichukua mzinga wa milimita 90 wa kudungulia ndege, wakaupandisha juu ya mwili wa kifaru cha wastani, wakaona umetosha, wakaita kazi imekwisha. Zilitengenezwa 30 tu. Wahudumu wa mzinga walikuwa nyuma, wazi, jua lao na mvua yao. Risasi zilizoenea ndani hazikufika kumi. Nyingine zilifuata kwa gari dogo la pili, kama gari hilo bado lipo. Nyingi zilipelekwa Sicily na huko ndiko habari yao ilikoishia mwaka 1943. Hii nayo imo ndani ya gemu, na ukitaka kujifunza unyenyekevu, iendeshe jioni moja. Wewe wa Centauro una risasi 40, una paa juu ya kichwa, na bado unalalamika.

Mogadishu ni habari nyingine, na hapo tuvue kofia kwanza. Centauro ilikwenda Somalia na kikosi cha Italia ikiwa bado mpya jeshini. Tarehe 2 Julai 1993, karibu na kiwanda cha tambi kilichoachwa, mahali walipopaita Pasta, msako wa silaha uligeuka vita katikati ya mji. Askari watatu wa Kiitaliano waliuawa, mmoja wao ofisa kijana aliyekuwa kamanda wa Centauro, aliyepigwa akiwa amechomoza juu ya gari lake. Wasomali nao walikufa siku hiyo. Habari hizi usizitumie kama kisingizio. Zitumie kujua kwamba bati hili limejaribiwa na watu wa kweli, ambao hawakuwa na kitufe cha kuanza upya.

Ni kwa ajili ya Somalia magari kadhaa yalivikwa vitofali vya deraya inayolipuka, aina ya ROMOR, na toleo hilo liko kwenye gemu. Litafute. Vitofali hivyo huvuruga kombora linalotoboa kwa mlipuko, mfano wa lile la roketi ya begani. Mshale wa chuma unaotoka kwenye mzinga wa kifaru hauna habari navyo. Lakini gari linapendeza likivivaa, na mtu akikaribia kufa ni vyema awe amevaa.

3. Tayarisha sababu kabla ya kosa

Hapa ndipo Ewuaso Kedong inapoishinda miji yote.

Angalia juu. Nyaya kubwa za umeme zinavuka nchi yetu kuelekea kituo cha Suswa. Ule mstari wa kutoka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ni wa kilovolti 400, una urefu unaozidi kilomita 400, na ulikamilika mwaka 2018. Upepo wa Turkana unapita hapa. Mvuke wa Olkaria unapita hapa. Unapita, nimesema. Chini ya minara hiyo kuna nyumba inayowasha taa ya sola na kuchaji simu dukani. Mtu mwingine angeandika barua ya malalamiko. Mchezaji mwenye akili analitunza jambo hili kama mali. Stima ikipotea ukiwa unashinda, ni balaa. Ikipotea ukiwa unashindwa, ni rehema, na hakuna binadamu atakayethibitisha ilipotea dakika ya ngapi. Kuna waliojifunza kuipoteza wenyewe.

Weka pia kumbukumbu za taifa. Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na Afrika Mashariki yote ikaanza kutambaa mtandaoni. Mtu akiuliza kwa nini matokeo yako ya Mei 2024 yanatia huruma, mjibu kwa neno moja: kebo. Akiuliza ya Juni, mwambie kebo ikishaumia haiponi siku moja. Akiuliza ya mwaka huu, mwulize yeye ni nani hasa.

Halafu kuna umbali. Unapobonyeza kipanya hapa Ewuaso, amri yako inapanda mlima kuutafuta mnara wa simu, inashuka hadi Mombasa, inazama baharini, inapita Bahari ya Shamu, inaibukia Ulaya zilipo seva, na hapo ndipo mzinga unapolia. Adui yako Mjerumani amekaa mlango wa pili na seva hiyo, miguu juu ya meza. Mwenye deraya nene hupigwa kwanza kisha akajibu bila wasiwasi. Wewe ukichelewa kufumba na kufumbua, huna tena wa kumjibu. Hili ni kweli tupu, na ndiyo maana lisitumiwe ovyo. Visingizio vya kweli huchakaa upesi kuliko vya uongo, kwa sababu mtu huvirudia kwa uchungu.

Mbuzi ni kisingizio cha daraja la juu. Ndani ya kaunti yetu nzima ya Kajiado hutampata mtu wa kumlaumu mwenzake aliyeinuka kwenda kuangalia mbuzi. Sauti yao ikisikika kwenye maikrofoni ni bora zaidi, na hata mchezaji wa Poland atanyamaza kwa heshima. Sharti ni moja: mbuzi wawepo. Kama huna, azima wa jirani, uwafunge karibu na dirisha.

Joto la laptopu liache kwa wanaoanza.

4. Anza kwa kishindo

Mechi ikifunguliwa, kanyaga. Kwa sekunde hizi za mwanzo wewe ndiwe mfalme wa ramani. Vifaru vizito vya timu yako vitakuwa bado vinakohoa kwenye kituo cha kuanzia, na wewe umeshapita barabara ya lami, umeshavuka daraja, na jina lako linaonekana mbele ya kila mtu. Furahia. Watu wengi hawapati hata huu utukufu.

Kaa barabarani lakini. Magurudumu yanapenda lami. Kwenye matope na mteremko wenye mawe yanakasirika, na minyororo ya wengine inaanza kukukaribia.

Kuhusu vumbi sina la kumfundisha mtu wa Ewuaso. Lori likitoka upande wa Suswa wakati wa kiangazi, unaliona vumbi lake muda mrefu kabla ya kusikia injini, na mpaka lifike umeshajua ni la nani na limebeba nini. Adui naye anakuona hivyo hivyo. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kufika juu ya kilima. Gemu linakuruhusu kuzima injini kabisa, na katika ukimya huo utawasikia wao wakija. Simama nyuma ya tuta, acha mnara wa mzinga peke yake uchungulie. Ukionyesha mwili wote, umeonyesha kila kitu ulichokuwa ukificha kwa maneno tangu sehemu ya kwanza.

Na kabla hujasimama, jua utatokea wapi. Kifaru cha minyororo kinaweza kujizungusha papo hapo; hili lako linahitaji uwanja, linarudi nyuma, linakata kona, linarudi tena. Egesha kama dereva wa matatu aliyesikia kwamba polisi wako mbele.

5. Mwenye nguvu mpishe

Wahenga walisema hivyo na hawakuwa hata na ramani ndogo pembeni mwa skrini.

Tafuta kifaru kinene cha timu yako na ukifuate. Mwendeshaji wake atadhani unamlinda. Usimtoe kwenye wazo hilo. Atakapotokeza kona, adui atampiga yeye. Adui akishampiga, anapakia upya. Akipakia upya, wewe unatokeza, unapiga ubavuni, unarudi. Gemu litaandika jina lako kwenye orodha ya walioua, na la yule mwenzako kwenye orodha ya waliosaidia, ikiwa bado yuko hai. Kama hayuko, ni huzuni, na unaweza kumwandikia salamu za pole zikichanganyika na shukrani.

Ukiwa huna la kufanya, toa amri. Kuna vitufe vya kutuma ujumbe kwa timu nzima: shambulieni kituo fulani, nifunikeni, nahitaji msaada. Vitume kutoka mahali salama, kwa mpangilio, kana kwamba una mpango. Watu wanaocheza kimya huonekana wajinga hata wanaposhinda. Anayetoa amri huonekana ameangushwa na wenzake hata anaposhindwa.

6. Usipige mara ya tatu kutoka mahali pamoja

Ya kwanza inamshangaza adui. Ya pili inamwonyesha ulipo. Ya tatu ni ya tamaa.

Bonde hili lina kisa chake kuhusu hili, nacho si cha mzaha. Novemba 1895 msafara wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu, uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine, ulizozana na Wamaasai hapa Kedong ukaangamizwa. Waliokufa ni mamia. Mfanyabiashara mmoja Mskoti, Andrew Dick, akaamua kwenda kulipiza, ingawa serikali haikumtuma. Alikuwa na bunduki inayofika mbali kuliko mkuki wowote. Akaua watu wengi, akateka ng'ombe, na hakuondoka kwa wakati. Mkuki ukamfikia. Uchunguzi wa wakoloni wenyewe ulikuja kuona kwamba waliochokoza ni watu wa msafara, na ng'ombe wale wakaingizwa kwenye hesabu ya fidia.

Ninachokuomba uchukue hapo ni hesabu ya masafa tu. Silaha ndefu inakulinda kwa kadiri ya umbali ulio nao, na umbali huo unapungua kila unaposimama kujipongeza. Ukipiga, hama. Ukiua, hama upesi zaidi, maana aliyekufa sasa anatazama kamera inayomwonyesha ulipo na ana rafiki zake kwenye simu.

7. Ufe vizuri

Utakufa. Tulipange jambo hili kwa utulivu.

Bati jembamba lina zawadi moja ambayo hawakuitangaza: mara nyingine mshale wa chuma huingia puani, hutokea mgongoni, na hauui wote, kwa kuwa haukukutana na kitu cha maana njiani. Uko na watu wanne ndani. Wakibaki wawili, bado unaruhusiwa kukimbia. Kimbia kwa majivuno. Piga moshi, rudi nyuma ya nyumba, waache waliobaki wabadilishane viti, na uandike kwenye maongezi ya timu kwamba walikutoboa na bado uko. Wenye vifaru vya tani 60 hawana hadithi kama hiyo.

Pia punguza mzigo. Risasi 14 hukaa kwenye mnara tayari, nyingine zimepangwa mwilini chini. Kila risasi ya ziada uliyobeba ni nafasi moja zaidi ya kulipuka, na kusema kweli, lini uliishi hadi ya kumi na tano?

Ikiwa mwisho umefika, kuna kitufe cha J. Kishikilie na wahudumu wako wanaliacha gari. Wanyonge hufikiri kwa kufanya hivyo wamemnyima adui sifa. Gemu lina akili kuliko hao: aliyekujeruhi mwanzoni bado anaandikiwa. Kwa hiyo usibonyeze kwa hasira. Bonyeza baada ya kuandika "stima," ukiweka nukta.

Kisha inakuja kamera ya kifo, inayoonyesha mwili wa gari lako ukiwa wazi na risasi ikipita ndani yake polepole, dereva, mpigaji, mpakiaji, mmoja baada ya mwingine. Usiitazame mbele ya watu. Kama wako watu chumbani, ifunge kwa kidole cha haraka na useme umeshaiona hiyo.

Kuna shule mbili za nini kifuate. Moja inasema rudi uwanjani na gari jingine. Nyingine inasema ukifa mara moja, ondoka kwenye mechi, uanze nyingine, uache timu ikiwa pungufu. Ya pili inachukiwa dunia nzima na ina wafuasi wengi kuliko ya kwanza. Mimi napendekeza njia ya kati: baki, usiingie tena, tazama wenzako wakicheza, uwakosoe. Matengenezo ya gari hulipiwa kwa simba wa fedha, ambao ndio sarafu ya gemu hili, na Kajiado haijawahi kuzoea kupoteza simba bila sababu.

8. Tengeneza simulizi

Gemu limekwisha, kazi inaanza. Mechi uliyocheza hakuna aliyeiona. Mechi utakayosimulia wataiona wote.

Piga picha ya skrini mara moja tu, mwanzoni, ukiwa wa kwanza kileleni na vitofali vyako vimekaa sawa. Hiyo ndiyo picha ya kuonyesha siku ya soko, mkisubiri nyama iive. Ya mwisho wa mechi, yenye safu za majina na lako likiwa chini, haina haja ya kupigwa. Mwanga wake ni mbaya.

Ukitaka mfano wa kazi hii ilivyofanywa na mabingwa, panda gari hadi chini ya mteremko wa Mai Mahiu. Waitaliano waliotekwa katika Vita vya Pili vya Dunia waliletwa hapo na Waingereza kujenga barabara ya kushuka bondeni. Walikuwa wameshindwa Ethiopia, wameshindwa Somalia, wamevuliwa bunduki na mikanda. Mwaka 1942, pembeni mwa barabara, wakajenga kanisa dogo sana. Magari yamekuwa yakisimama hapo tangu hapo, abiria wanashuka, wanapiga picha, wananunua mahindi, wanaendelea na safari ya Narok. Jaribu kumwuliza abiria yeyote ni nani aliyeshinda vita vilivyowaleta wajenzi hao, atakuambia kanisa ni zuri.

Wewe huna jiwe wala saruji, una maneno. Sema ulizuia upande wa kushoto peke yako. Sema timu haikuja. Sema risasi iliyokupiga ilipita pale ambapo hata Leopard isingestahimili, na hilo huenda likawa kweli, hakuna mwenye haraka ya kupima. Msikilizaji akiwa mzee, fupisha. Yeye ana ng'ombe wa kwenda kuwaangalia na ataondoka katikati ya nguvu farasi. Msikilizaji akiwa mtu wa Kitengela, ongeza mjomba wa Muskat.

Jihadhari tu na mtoto wa darasa la sita aliyekaa pembeni akinyamaza. Huyo anacheza toleo la simu la gemu hilo, kwa simu ya kaka yake, anajua ramani zote, na atauliza ulikuwa umeua wangapi.

9. Mchukue huyo mtoto awe mwanafunzi wako

Hakuna njia nyingine ya kumnyamazisha, na ndiyo kilele cha maisha ya kila mchezaji asiyepiga shabaha. Kocha hapimwi kwa mabao. Mkalishe kwenye kiti chako, mpe kipanya, simama nyuma yake mikono ikiwa imefungwa kifuani. Akienda kushoto, mwulize kwa nini hakwenda kulia. Akipiga akapata, mwambie alikuwa na bahati, mechi inayofuata aangalie vumbi. Akipiga akakosa, vuta pumzi kwa sauti. Mtajie Dembeguina, usimweleze. Mlipe kwa mandazi, asije akadai bando.

Atajifunza upesi kuliko ulivyotarajia. Utamwona anazima injini kabla ya kilima bila kuambiwa, anapiga mara mbili na kuhama, anakisogelea kituo cha mwisho akiwa hajaguswa hata mara moja, na wenzako waliokuwa wakiongea nyuma wananyamaza wote kuitazama skrini. Hapo hapo mshike bega, umwambie betri imekaribia kuisha na mbuzi wanamsubiri.